Nameza vidonge vya kizunguzungu kila siku, mbona bado nayumba?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nina mume na watoto, na nina presha ambayo natumia amlodipini. Mwaka jana nilianza kupatwa na kizunguzungu kibaya. Kwanza sikio la kushoto linaziba na kuvuma, halafu chumba kizima kinaanza kuzunguka, na hata nikifumba macho hakiachi. Natapika, nashikilia godoro nisianguke ilhali nimeshalala. Hali hiyo huchukua saa mbili au tatu. Ikipita nabaki hoi, na sikio lile linakuwa zito siku nzima.

Daktari wa masikio alinipima usikivu akasema ni ugonjwa wa Ménière, wa sikio la ndani. Aliniandikia dawa mbili: betahistini miligramu 16 mara tatu kwa siku, na proklorperazini miligramu 5 nitumie nikizidiwa. Akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Sikurudi kwa sababu nilipata nafuu, na dukani nikionyesha pakiti ya zamani wananipa nyingine.

Shangazi, kwa kuogopa kuangukia njiani, nimekuwa nikimeza dawa zote mbili kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Nikisahau betahistini ya mchana, jioni nameza mbili kwa mpigo. Miezi imepita hivyo. Ile mizunguko mikubwa imepungua, lakini sijawa mzima. Nikigeuza kichwa haraka nayumba mpaka nishike ukuta. Nasinzia kazini. Nikiamka kitandani giza linanijia machoni. Na siku hizi mkono wa kulia unatetemeka. Juzi kikombe kiligongana na kisahani chake mpaka binti yangu akakipokea.

Mume wangu anasema dawa ndizo zinazoniumiza, niziache zote leo leo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, kila akigeuka kitandani anapata kizunguzungu, na ameniomba nimgawie vidonge vyangu. Ana pumu na aliwahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Sijampa, lakini naona aibu kumkatalia. Jambo la mwisho: mafua ya aleji yakinishika huwa nanunua klorfeniramini mwenyewe.

Niache, niendelee, nimpe mama? Nisaidie.

Mwanao mwenye hofu ya kuanguka

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kwenye dirisha la dawa nikiwa kazini, na maelezo yako yananirahisishia kazi.

Naanza na mkono unaotetemeka, maana huo hausubiri. Proklorperazini hutuliza kichefuchefu na mzunguko kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inayofanya misuli ijongee bila kukwama. Mtu akiizuia siku mbili tatu, mara nyingi hakuna neno. Akiizuia kutwa mara tatu kwa miezi, mikono inaweza kuanza kutetemeka, hatua zikafupika, uso ukakakamaa, mwingine akawa hatulii kitini. Ni madhara yanayojulikana ya dawa hii, na kwa wagonjwa wengi hupungua dawa ikishapunguzwa, japo huweza kuchukua wiki au miezi. Mganga akuone wiki hii, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Na kama shingo itajipinda yenyewe, taya likakaza, ulimi ukatoka nje au macho yakakwama yakitazama juu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hali hiyo ina sindano yake na hutulia upesi.

Mume wako ana haki ya kuingiwa na wasiwasi, na kwa nusu amesema kweli. Nusu ya pili nampinga. Mwili uliozoea proklorperazini kwa miezi ukinyimwa ghafla unaweza kujibu kwa kichefuchefu, kutapika na kukosa usingizi, nawe utadhani ugonjwa umerudi, urudie vidonge kwa hofu zaidi. Dawa hii hupunguzwa hatua kwa hatua, na ratiba ya kupunguza aipange daktari akishajua ukweli wote. Mwambie bila kuficha: "Uliniandikia nikizidiwa, mimi nimekuwa nikimeza mara tatu kila siku." Hatakufokea, na akikufokea bado utakuwa umempa habari anayoihitaji. Ni hatari zaidi akiamini unakunywa kidonge kimoja kimoja, kisha akakuongezea kingine cha kutibu huo mtetemeko.

Sasa nikueleze kwa nini bado unayumba, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ile sehemu ya kusikilizia, kuna mirija midogo mitatu iliyopinda na vifuko viwili, vyote vimejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanasogea na kupinda vinywele vidogo sana, navyo vinapeleka habari ubongoni: tumegeuka kulia, tumeinama, tumesimama. Masikio yote mawili yakisema jambo moja, mtu hutulia. Katika ugonjwa wa Ménière majimaji ya sikio moja huzidi kiasi na kulivuruga, na ubongo unapokea habari zinazogombana. Daktari Mfaransa Prosper Ménière alieleza mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha namna hii kinaweza kutoka sikioni, wakati ambapo madaktari wenzake walikihesabu kuwa maradhi ya ubongo. Naitaja habari hiyo kwa sababu hata leo wapo wagonjwa wanaoambiwa ni mawazo tu. Yako si mawazo. Kipimo cha usikivu kimeonyesha.

Shambulio likipita, sikio linaweza kubaki na udhaifu kidogo. Ubongo una uwezo wa ajabu wa kuufidia udhaifu huo: unajifunza kutegemea zaidi macho, shingo, nyayo, na sikio lililo zima. Lakini ili ujifunze, ni lazima uyumbe kidogo na uhisi kosa. Proklorperazini, na vivyo hivyo sinarizini na prometazini ambazo wengine huandikiwa, hufifisha zile habari zinazogombana. Wakati wa shambulio hilo ni jambo la heri kubwa. Kwa kila siku, linauzuia ubongo kujifunza. Mtoto anayebebwa mgongoni kutwa atajua lini kutembea? Ndiyo maana dawa hizi huandikwa kwa siku chache tu, na ndiyo maana daktari wako alisema ukizidiwa. Kidonge ulichokuwa ukikimeza ili usiyumbe, kwa sehemu kubwa ndicho kinachokuyumbisha, na usingizi wa kazini nao unatoka hapo hapo.

Betahistini ina kazi nyingine kabisa. Hiyo ni ya kila siku, haikusudiwi kuzima shambulio lililokwisha kuanza, na ukiongeza kidonge wakati chumba kinazunguka hutapata kitu. Inadhaniwa husaidia damu kupita vizuri katika sikio la ndani na hivyo kupunguza idadi ya mashambulio, tena hungojwa kwa wiki kadhaa. Nitakuwa mkweli kwako: ushahidi wake haujakaa sawa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu waliopewa betahistini na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa miezi tisa. Mashambulio yalipungua kwa makundi yote, na tofauti kati yao haikuonekana. Madaktari wengi bado wanaiandika kwa sababu kwa watu wengi haina madhara makubwa, na wapo wagonjwa wanaoona inawafaa. Mimi sikuambii uiache. Nakuambia usiikuze mpaka uione ndiyo nguzo inayokushikilia usianguke.

Miligramu 16 mara tatu ni 48 kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho kwa kawaida huandikwa. Umeshafika kileleni. Ukisahau cha mchana, kiache kipite, umeze cha jioni kwa saa yake. Kumeza viwili kwa mpigo hakurudishi ulichokosa, huleta tu kiungulia, kichefuchefu na kichwa kuuma. Kimeze pamoja na chakula au mara baada ya kula, tumbo litakushukuru. Na kwa kuwa una presha, muulize daktari kama amekwisha kuridhika kwamba huna ule uvimbe adimu wa tezi zilizo juu ya figo, maana mwenye uvimbe huo hapewi betahistini kabisa. Ni nadra sana, lakini swali ni la dakika moja.

Lile giza la machoni ukiamka kitandani nalitenga na habari ya sikio. Hukusema chumba kinazunguka wakati huo, umesema giza linakujia. Amlodipini inashusha presha, na proklorperazini nayo inaweza kuishusha mtu akisimama. Mwombe muuguzi akupime presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari atakuwa na la kurekebisha. Usiache amlodipini kwa uamuzi wako, tafadhali. Kwa sasa kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, chezesha vifundo vya miguu, usubiri macho yawe safi, ndipo usimame ukiwa na kitu cha kushika.

Klorfeniramini iweke kando mpaka umwonane na mfamasia. Inaleta usingizi juu ya usingizi ulio nao, na kwa jinsi dawa zenyewe zinavyofanya kazi, dawa za aleji za jamii ya antihistamini zinaweza kuvutana na betahistini. Zipo dawa za kupuliza puani zinazotibu mafua ya aleji bila kukusinzisha. Kila unaponunua dawa ya mafua, ya usingizi, ya tumbo au ya safari, taja zote unazomeza. Dawa nyingi za kuzuia kutapika safarini ni ndugu wa hizi hizi, na watu huzimeza mara mbili kwa majina tofauti bila kujua. Pombe nayo huzidisha usingizi na kuyumba.

Sasa, shambulio likikujia. Hofu yako ni ya kweli na sitaki nikuache bila kitu mkononi. Mara sikio likianza kuziba kwa namna unayoijua, kaa au lala mahali salama, kichwa kitulie, macho yaelekee kitu kimoja kisichosogea. Hapo ndipo proklorperazini ina haki yake, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko na si zaidi, mapema kabla kutapika hakujaanza. Kama huwa unatapika kidonge kikatoka kizima, mwambie daktari. Ipo aina inayowekwa kati ya fizi na mdomo wa juu ikayeyuka yenyewe. Shambulio likishapita na kutapika kumekoma, vidonge vinarudi kabatini. Usiendeshe gari, usipande ngazi, usiogelee peke yako siku za namna hiyo, wala ukiwa bado unasinzia kwa dawa.

Dalili nyingine zinataka uende hospitali bila kuchelewa, hata kama una vidonge nyumbani: kizunguzungu kinachokuja na maneno kutoeleweka, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu usiyoizoea, kushindwa kabisa kusimama, maumivu ya kifua au kuzimia. Kwa mwenye presha kama wewe kiharusi lazima kifikiriwe, na kila aishiye nawe azijue dalili hizo. Sikio likipoteza usikivu ghafla kuliko ulivyozoea, nalo lionwe siku hiyo hiyo, kwa sababu baadhi ya matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.

Kuyumba kunakobaki kati ya shambulio na shambulio kunatibiwa kwa mazoezi zaidi kuliko kwa vidonge. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua habari za mizani ya mwili. Mojawapo ya mazoezi ya kwanza ni jepesi: unakaa kitini, unabandika herufi moja ukutani usawa wa macho, kisha unageuza kichwa kulia na kushoto huku macho yakiwa hayabanduki kwenye herufi hiyo. Mwanzoni herufi itaonekana inacheza na utajisikia vibaya kidogo. Kujisikia vibaya kidogo ndiko kunakotakiwa. Ukitapika umezidisha. Atakupangia dakika na mara ngapi, na atakupandisha kutoka kukaa hadi kusimama hadi kutembea.

Punguza na chumvi, daktari wako huenda alikwisha kukuambia.

Nunua pia daftari dogo. Kila shambulio liandikie tarehe, limeanza saa ngapi, limeisha saa ngapi, sikio lilikuwaje, umemeza nini. Bila daftari hilo utarudi kliniki useme "naona afadhali" na daktari hatakuwa na pa kuanzia. Ukiwa nalo, baada ya miezi michache mtaweza kusema pamoja kama betahistini inafanya kazi au unajaza tumbo bure, na kuiacha kukawa uamuzi wenye sababu. Ile ahadi ya miezi mitatu ilikuwa kwa ajili hiyo, na ya kupima usikivu tena, maana ugonjwa huu unaweza kula usikivu taratibu hata mizunguko ikipungua. Pakiti ya zamani isikutoshe tena. Muuzaji anayekupa bila kuuliza hakuoni mkono wako unavyotetemeka.

Nimemweka mama mkwe mwisho lakini simdharau. Usimpe hata kimoja. Kwanza ni hizo pumu na vidonda vya tumbo: betahistini hutolewa kwa uangalifu kwa wenye maradhi hayo, na wengine hawapewi. Proklorperazini kwa mtu mzima kama yeye ni hatari zaidi kuliko kwako, kwa sababu ya usingizi, presha kushuka na kutetemeka. Akiamka usiku kwenda msalani akaanguka akavunjika nyonga, hatutakuwa tukizungumzia kizunguzungu tena.

Pili, na hili ndilo linaloweza kumfurahisha, inawezekana kabisa hana ugonjwa wako. Mtu anayepata mzunguko kila akigeuka kitandani, ukadumu chini ya dakika moja kisha ukatulia, mara nyingi ana vichembe vya chokaa vilivyobanduka kutoka mahali pake katika sikio la ndani vikaingia kwenye moja ya ile mirija mitatu. Kila akigeuka vinabingirika na kuusukuma ule umajimaji. Hakuna kidonge kinachoweza kuvirudisha. Vinarudishwa kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, njia iliyobuniwa na daktari Mmarekani John Epley aliyeichapisha mwaka 1992. Mgonjwa analazwa na kichwa kugeuzwa upande mmoja, kisha wa pili, kisha mwili mzima, halafu anakalishwa. Ni kazi ya dakika chache, na wengi hupona kwa mara moja au mbili, ingawa vichembe vinaweza kubanduka tena siku za mbele.

Kwa hiyo usimkatalie kwa kumfungia kabati. Mwambie: "Mama, vidonge vyangu si vya ugonjwa wako, na vinaweza kukudhuru kifua na tumbo. Twende wote, nami narudi kwa daktari wiki hii." Achukue dawa zake zote, hata za kupuliza za pumu, mzitie kwenye mfuko mmoja na zako. Amweleze daktari kizunguzungu kinadumu kwa muda gani, kinakuja akigeukia upande upi, na kama sikio linavuma au la. Na kabla hajalazwa kupimwa aseme kama ana maumivu ya shingo au mgongo, maana kipimo chenyewe huinamisha kichwa nyuma ya ukingo wa kitanda, na mwenye shingo mbovu hufanyiwa kwa namna nyingine.

Shangazi yako